Bwana Mnuno Kapepesa

Waliokuwepo sebuleni kwangu Sparkhill siku tuliyoimalizia ile picha ni hawa. Rukia binti Salim wa Tanga, niliyekaa naye nyumba moja Handsworth tulipokuwa wake wageni, yeye chumba cha juu mbele, mimi cha juu nyuma. Mumewe Mbarouk Hamadi, ambaye bila yeye sina la kusimulia, alikaa kwenye kiti cha marehemu mume wangu Seif, karibu na hita, fimbo katikati ya magoti. Kulwinder, binti wa marehemu Mama Harbans aliyekuwa jirani yetu wa mlango wa pili kule Handsworth. Mama yake alizaliwa Kisumu na Kiswahili alikuja nacho kama alivyokuja na sufuria zake. Na Nasra, mjukuu wangu wa mwisho, anayesoma uigizaji koleji, ndiye aliyeshika rimoti. Bi Shani binti Athumani wa Mombasa hakuwepo, tumeshamzika siku nyingi, lakini namhesabu, kwa sababu tulibishana naye mpaka dakika ya mwisho kana kwamba amekaa pale pale kwenye kochi.

Kilichotukutanisha ni msiba, ingawa si wa ndugu. Nasra aliingia kutoka koleji, mkoba bado begani, kaniambia, "Bibi, yule mtu wako wa Amerika, he's passed away. Nimeona kwenye simu." Nilikuwa napepeta mchele. Nikaweka ungo chini. Mimi majina ya watu nayashika. Niulize nani alilala chumba gani katika nyumba ile, mke wa fundi baiskeli wa kona aliitwa nani, paka wake aliitwa nani, nitakwambia. Lakini jina la yule mwigizaji halijapata kutoka mdomoni mwangu likawa sawa, na si mimi peke yangu. Sisi tulimwita Bwana Mnuno, kwa sababu picha ya kwanza tuliyomwona alinuna tangu taa zinazimwa mpaka zinawashwa, na Bi Shani akauliza kwa sauti ukumbi mzima usikie, "Huyu kwani mamake alimnyima nini?" Basi nikampigia simu Rukia. Nikamwambia, "Shoga, Bwana Mnuno kafa." Rukia kauliza, "Hakika, au sarafu imekwisha tena?" Tukacheka, kisha tukalia, na Nasra kasimama mlangoni ananitazama kama niliyepata homa. Ndipo nilipogundua kwamba mwaka ule sijamhadithia mtu, na tunaoujua tumebaki watatu.

Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza Uingereza, miaka ya sabini ndiyo kwanza inaingia, na mimi sijafika ishirini. Nyumba yenyewe ilikuwa ya matofali mekundu, nyembamba, ngazi zimesimama wima, kwenye njia inayoteremkia Soho Road. Mzee Omari, mume wa Bi Shani, ndiye aliyeipanga nzima, na sisi tukapanga vyumba kwake. Jiko moja, na choo uani, ukienda wakati wa baridi unasoma dua kwanza. Chumba cha chini mbele kilikuwa na televisheni ya kukodi yenye kisanduku ubavuni: usipotia sarafu, huoni kitu. Na jiko la gesi lilikuwa na kisanduku chake, kinakula sarafu zile zile. Kwa hiyo nyumba nzima iliishi baina ya visanduku viwili, kimoja cha tumbo na kimoja cha macho, na sarafu zote zikikaa kwenye fundo la kanga ya Bi Shani, kiunoni, usiku na mchana. Nikifumba macho leo naisikia harufu ya chumba kile: makaa, koti la sufi lililoloa, na kitunguu cha Bi Shani kikiungua kidogo, maana alikuwa hawezi kukaanga bila kuzungumza.

Kiingereza sikujua. Chuoni, kwa Kurani, nilihitimu, skuli nilikaa kidogo tu nikatolewa, na cha Kizungu nilichobeba kutoka Unguja ni "good morning" ambayo watu wa Birmingham walikuwa hawaijibu. Dukani nilinyoosha kidole. Kama kitu kiko nyuma ya kitu kingine, nilirudi bila hicho. Seif alikuwa akitoka kazini kachoka, hana hata nguvu za kusema Kiswahili, seuze kunifundisha lugha ya watu. Aliyetufungua macho ni Mbarouk. Yeye kwao Tanga alikaa nyuma ya ukumbi wa sinema, na alikuwa akisema amelelewa na mama wawili, mmoja kampa maziwa na mwingine kampa picha. Jioni, akiwa zamu ya asubuhi, alikaa jikoni na kikombe chake cha chai ya tangawizi akatusomesha. "Sikilizeni nyinyi wanawake. Katika picha kuna steringi na kuna adui. Steringi ndiye mwenye uso mkubwa kwenye tangazo la ukutani. Steringi atapigwa, atafungwa, atatupwa mtoni. Lakini steringi hafi. Akifa, picha itaendelea na nani?" Rukia, ambaye aliolewa naye mwaka ule ule na bado anamwonea haya mbele za watu, akamuuliza kwa upole, "Na akipigwa risasi ya moyo?" Mbarouk kamjibu bila kufikiri: "Hiyo ya bega. Ukidhani ni moyo, tazama vizuri. Siku zote ni bega."

Yeye ndiye aliyetupeleka kumwona Bwana Mnuno mara ya kwanza, wanawake watatu nyuma yake kama bata, Bi Shani kavaa buibui juu ya koti na koti juu ya sweta. Sisi tulizoea picha za Kihindi, mtu akihuzunika anaimba. Huyu Mmarekani alihuzunika kwa shingo. Mshipa mmoja wa shingo ukipanda, mimi roho yangu inapanda nao. Hakuwa mzuri wa sura, pua imekaa upande na nywele kama kazikata mwenyewe gizani, lakini akimkazia mtu macho hapepesi, na ukumbi mzima unasahau kutafuna. Maneno yake yalikuwa machache, akiyasema chini chini, na akirudia yale yale. Hapo ndipo nilipojifunzia Kiingereza. Maneno mawili niliyashika siku ile, nikayafanyia mazoezi kwenye sinki, mikono kwenye maji, kidevu kimeshuka, macho kwenye bomba: "I'm not going." Siendi mahali. Na "Who's asking?" Nani anauliza? Wiki ile ile bibi wa duka la mikate akaniambia, "Anything else, love?" nami nikamkazia macho nikamjibu kwa sauti ya chini, "Who's asking?" Yule bibi akarudi nyuma hatua, kisha akaniongezea maandazi ya zabibu bila kuyalipia. Nikarudi nyumbani nikijua sasa nimeanza kuongea.

Ilipoingia baridi kali, pale kiwandani kwao Mbarouk na Seif, kwenye tanuri za kuyeyushia chuma, mnyororo uliponyoka na kipande cha chuma kikampata Mbarouk kichwani. Seif ndiye aliyekuja kutuambia. Alisimama mlangoni na kofia ya Mbarouk mkononi, hajui aiweke wapi. Hospitali wakamlaza, wakamfunga kichwa, na yeye akalala. Hakuamka siku ile wala siku zilizofuata. Kope zimefumba, kifua kinapanda na kushuka, ukimwita ni kama unaita nyumba ambayo wenyewe wamehama. Daktari alisema tusubiri. Rukia aliacha kula. Alikuwa akikaa kwenye ngazi, ngazi ya tatu kutoka juu, kwa sababu pale unasikia mlango wa mbele kabla mtu hajagonga. Nami nikawa nakaa naye. Na kutoka pale unasikia jikoni pia, na ndipo tulipomsikia Mzee Omari akimwambia mkewe, "Tumtafutie mtoto wa watu nauli arudi kwao. Akiwa mjane hapa atakaa na nani?" Bi Shani akamjibu, "Mume yu hai, wewe wampelekapi?" Mzee Omari akasema, "Yu hai, mke wangu, lakini hayupo. Mwisho wa mwezi tumwambie." Rukia hakulia. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka pete yake ikaniacha alama, akaninong'oneza, "Wakinirudisha kabla hajaamka, Hidaya, akiamka atamkuta nani?"

Jumapili hiyo tulirudi kutoka hospitali kiza kimeshaingia, ingawa ni jioni mapema, kama ilivyo huku wakati wa baridi. Bi Shani alibandika mseto wa choroko na kwa huruma yake akatia sarafu kwenye televisheni, ili Rukia apate kitu cha kutazama zaidi ya mlango. Tukamkuta Bwana Mnuno. Picha yenyewe ilikuwa hivi: karudi vitani, mkewe kafa, na wazazi wa mke, watu wenye mali, wamemchukua mtoto wake wa kike wamemweka kwenye jumba juu ya kilima. Baba anapanda kilima kwa miguu, kwenye theluji, anasimama getini. Wanamfukuza. Anarudi kesho yake. Wanamtolea mbwa. Anarudi. Kila siku anasema yale yale, "I'm not going," na mimi kila akisema nasema naye, mpaka Bi Shani akanipiga na mwiko. "Wacha tusikie!" "Husikii kitu, Bi Shani, hujui Kiingereza." "Nawe je?" Mwisho mlinzi akapaniki, bunduki ikalia, Bwana Mnuno akaanguka chali kwenye theluji. Yale macho yaliyokuwa hayapepesi yakafumba. Wakauleta uso wake karibu ukajaza kioo kizima, na theluji inamwangukia, na yeye kalala meupe juu na meupe chini. Rukia akasimama. Akasema, "Vile vile. Yuko vile vile." Kisha akasema, "Akiinuka huyu, na wangu atainuka."

"Astaghfirullah!" Bi Shani akaruka. "Wewe mwana wapiga ramli kwa televisheni?"

Na pale pale, naapa, niliona ukope wa kushoto umecheza. Sikuwahi kufungua mdomo. Televisheni ikalia tik, picha ikajikunja ikawa nukta nyeupe katikati, na nukta nayo ikapotea. Sarafu imekwisha. Bi Shani akafungua fundo la kanga, akalikung'uta, halina kitu. Ya mwisho alikuwa ameitia kwenye gesi, mseto usije ukalala mbichi. Mimi nikampandishia sauti, jambo ambalo sikupata kulifanya kwa mkubwa wangu: "Mseto, Bi Shani! Mtu anakufa, wewe unafikiria mseto!" "Na akiinuka atakula nini?" akanijibu. Rukia hakungoja. Alitoka na ndala kwenye theluji mpaka mlango wa pili, na tukamsikia anagonga kwa viganja viwili. Akarudi na Mama Harbans, unga wa chapati mpaka kwenye viwiko, sarafu moja kaishika juu kama taa. "Mimi iko na hii moja tu, ya gesi yangu. Chapati leo nalala mbichi, haidhuru. Tia, tia upesi!"

Televisheni za wakati ule zilikuwa haziamki upesi. Kwanza inanguruma, halafu sauti, halafu picha. Sauti iliyotangulia ilikuwa ya watu wengi wanaimba kwa pamoja, na kinanda kikubwa nyuma yao. Picha ikaja: kanisa limejaa, watu wamesimama wameshika vitabu. Bi Shani akajipiga paja. "Haya! Si niliwaambia? Wamzika." Rukia akakaa chini sakafuni. Nikapiga magoti mbele ya kile kioo nikatafuta lolote la kunisaidia. "Bi Shani, tazama! Mazishi gani mtu kavaa kofia ya maua? Yule pale anatabasamu! Na yule! Hawa wanashukuru. Kapona, na mtoto karudishiwa." "Wazungu hutabasamu hata mazikoni, nimewaona." "Basi mbona jeneza halipo?" "Liko nyuma ya nguzo." Mama Harbans, aliyekuwa anafuta unga kwenye aproni, akatutazama mmoja mmoja. "Lakini hii nyimbo iko kila Jumapili," akasema. "Kila Jumapili saa hii, wao naimba." Bi Shani akamgeukia kwa mshangao wa kweli: "Kwani yuafa kila Jumapili?"

Sijui nani aliyeanza kucheka tulipoelewa kwamba kile ni kipindi cha kanisa, na picha imeshakwisha. Nadhani ni Rukia, na kilikuwa kicheko kibaya, kilichotoka mahali pamoja na kilio, lakini kilikuwa sauti ya kwanza kubwa aliyoitoa tangu siku ile ya kofia. Alipotulia akanishika kidevu akanigeuza uso. "Hidaya. Wewe ulikuwa karibu na kioo. Mwisho uliona nini?" "Kapepesa," nikamwambia. "Apa." "Wallahi, kapepesa. Jicho la kushoto." Alinitazama muda mrefu, bila kupepesa yeye mwenyewe. Kisha akasema, "Bi Shani, nipakulie mseto." Akala sahani nzima, akaomba na ukoko.

Kesho yake, wanaume wako kazini, akaniambia tuvae twende. Nikamwambia saa hizi si za wageni, hawataturuhusu. Akasema, "Yule alipanda kilima mara ngapi?" Tukapanda basi. Mlangoni mwa wodi alisimama sista mmoja, Maureen jina lake, Muayalandi, gauni la buluu na mkanda wenye bizimu la fedha, mwembamba na mrefu. Akasema maneno mengi. Sikuambulia hata moja ila nilijua maana yake yote ni hapana. Rukia akanisukuma mgongoni. "Sema kitu." Nami niseme nini? Kiingereza changu chote alinipa mtu mmoja. Nikashusha kidevu, nikamkazia macho, nikasema kwa sauti ya chini, "I'm not going." Sista Maureen akanyanyua nyusi, akaniuliza kitu, nadhani aliniuliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nikamjibu, "Who's asking?" Nyuma yetu mzee aliyekuwa anapiga deki akaangusha ufagio kwa kucheka. Sista Maureen alijitahidi asicheke, niliona mdomo wake unavyopigana. Halafu akaangalia miguu ya Rukia, ndala na soksi zimeloa, na uso wake ukabadilika. Akasogea pembeni. Akatuonyesha kwa vidole: kidogo tu.

Mbarouk alikuwa vile vile, meupe juu na meupe chini. Rukia akainama akamwita. Hakuna kitu. Akamsomea, akampulizia. Hakuna kitu. Nikaanza kuona uzito wa kiapo changu, kwamba nimemlisha mtu mseto kwa ukope wa Mmarekani. Ndipo Rukia akaweka mdomo sikioni mwa mumewe, akamwambia, tena kwa ukali, kama mke anayemwambia mume paa linavuja: "Mbarouk, jirani zako wanasema steringi kafa."

Kope zikacheza. Zote mbili, kama mtu anayetaka kubisha.

"Kapepesa!" Rukia alipiga ukelele ambao ninaamini bado umo kwenye kuta za wodi ile. Sista Maureen akaja mbio, nikadhani anakuja kututoa, lakini aliinama, akamfunua jicho, akamshika mkono, akamwambia kitu, na zile kope zikacheza tena. Akamwita daktari kwa sauti ya sokoni. Baada ya hapo ilikuwa kazi ya polepole, siku moja kidole, siku nyingine midomo. Siku alipotamka neno la kwanza tulikuwa wote pale, na Mzee Omari ambaye habari ya nauli alikuwa ameshaimeza. Rukia alikuwa anamhadithia mumewe ile picha, anafika kwenye bunduki. Mbarouk akakohoa, akasema neno moja, kavu kama jani: "Bega."

Mimi mwaka ule ulinifanya hivi nilivyo. Masika ilipofika, wanayoiita huku springi, Sista Maureen alimuuliza Rukia, kwa ishara na kwa maneno, yule rafiki yako asiyetaka kuondoka yuko wapi, jikoni kwetu panatakiwa mtu. Nikaenda. Nikasukuma toroli la chai katika wodi zile zile mpaka nywele zikageuka rangi, nikajifunza Kiingereza kingine, cha "sukari ngapi, love" na "usijali, bab", yaani mpenzi kwa watu wa Birmingham, kwa kuwa mwenye homa hapendi kukaziwa macho. Bi Shani alikuwa akijisifu kwa kila mgeni: "Huyu kazi alipewa kwa kununa."

Na Bwana Mnuno tukaendelea naye. Kila picha yake mpya tulikwenda, mimi na Rukia, na Mbarouk akishikilia fimbo. Tulimwona akikonda mpaka mifupa inahesabika kwa ajili ya picha ya mfungwa, na Bi Shani akamkasirikia kwa kutokula. Tukasikia kwamba akiwa kazini hasemi na mtu, kwamba anagombana na wakubwa wake, kwamba kamtupia mmoja kiti. Halafu akapotea miaka mingi. Wengine walisema anatengeneza meza mahali fulani milimani, wengine walisema wazimu. Mimi nilisema kachoka, na anayechoka hukaa. Akarudi mzee, kwenye picha ya harusi ya mjukuu wake, anakaa tu kwenye kiti, hasemi hata neno, na bibi harusi anapompita anamtazama mara moja. Ukumbi ulilia. Nasra anasema koleji wanafundishwa habari zake. Mwalimu wao anasema alibadilisha uigizaji dunia nzima, kwamba kabla yake watu walikuwa wanaonyesha, na yeye alikaa tu ndani ya jambo mpaka likamtoka lenyewe. "Sasa kila kijana wa darasani anataka kununa kama yeye, Bibi, it's so annoying." Nikamwambia kununa si kazi. Kazi ni kubaki.

Mwisho wa ile picha ya kilimani hatukuuona. Zilipokuja kanda za video, Seif alitaka kuniletea, Rukia akanikataza. "Mume wangu yu hai kwa picha isiyokwisha," aliniambia. "Usiimalize." Bi Shani akasema ni ramli ile ile, lakini hata yeye hakuigusa. Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba, sisi tulipohamia Sparkhill na wao Ladywood, mpaka siku hii ya msiba, ambapo Mbarouk mwenyewe ndiye aliyesema. Kasema, "Nyote mumeona nusu, mimi sikuona hata hiyo. Nilikuwa nimelala. Kabla sijalala kwingine, niwekeeni." Rukia akamwambia, "Maneno gani hayo?" lakini akaja, kavaa nguo yake ya kutokea, na akakaa mkao wa mtu aliye kwenye chumba cha daktari.

Nasra akaiweka. Haikutaka sarafu. Rangi zilikuwa zimesafishwa, theluji inaumiza macho, na Bwana Mnuno kijana kuliko wajukuu zetu. Kulwinder alileta chapati za mama yake, yaani mkono ni wake lakini chapati ni za mama yake. Bunduki ikalia. Akaanguka. Uso ukajaza kioo, na mimi nikasema, "Simamisha!" Nasra akarudisha nyuma, akaendesha pole pole. Akasogea mpaka pua inagusa televisheni. "Oh my God, Bibi. He actually does." Ukope wa kushoto. Akatuambia kwamba watu wanabishana habari ya ukope huo mitandaoni mpaka leo, wengine wanasema ni theluji ya sabuni ilimwingia jichoni, wengine wanasema alifanya makusudi. Nikawaza, kumbe na huko kuna kina Hidaya na kina Bi Shani.

"Endelea," akasema Rukia. Sauti yake haikuwa yake.

Ikaendelea. Mlinzi akavua koti akamfunika, mpaka usoni. Mtoto akashuka ngazi mbio akafungua lile geti kwa mikono yake mwenyewe, akakaa chini karibu na koti. Na baada ya hapo, jamani, kanisa. Watu wamesimama, wameshika vitabu, wanaimba. Kulwinder akaziba mdomo kwa dupata, mtandio wake. Nikasema, "Haya Bi Shani, tumekusikia." Jeneza lilikuwepo, tena nyuma ya nguzo. Yule mtoto akatoka nje ya kanisa peke yake, akasimama juani, akanuna mnuno wa baba yake, na picha ikaisha.

 Rukia akageuza shingo taratibu kuelekea kwenye kile kiti cha karibu na hita. Mbarouk kidevu kiko kifuani, macho yamefumba, fimbo imeteleza iko kwenye zulia. "Mbarouk," akamwita. Hita ilikuwa inalia kidogo. Nasra akanishika mkono, na nikaona ameelewa tulichokiogopa miaka yote. Rukia akaondoka alipokaa, akamwendea polepole, akainama, akaweka mdomo sikioni, na akasema kwa ukali ule ule wa wodi ile, "Mbarouk. Steringi kafa."

Kope zikacheza. Hakuzifumbua.

"Bega," akasema. "Na chai yangu imepoa."

Nimeandika kama nilivyoyaweka kichwani. Kama yupo aliyeishi njia ile ya Handsworth akasoma haya, anisahihishe: pengine haikuwa choroko, ilikuwa dengu; pengine paka wa fundi baiskeli ninayemkumbuka ni ndugu yake; na kama kuna anayekumbuka jina la yule mzee wa deki aliyeangusha ufagio, nitashukuru sana, ndilo jina moja la mwaka ule nisilonalo. Niambieni tu, Nasra atanisomea. Lakini hilo la kupepesa msinisahihishe. Hilo nimeliona mara nne.